Ukiulizwa unatoka wapi, usiishie kusema Kahama



Najua wengi mnasubiri mwendelezo wa chakula cha nyongeza kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Unakuja, nimeshauandika nusu. Ila leo naomba nitoke kidogo nje ya ratiba, nikusimulie habari za kwetu Ushetu. Wengine mtasema nesi na historia wapi na wapi. Subiri kwanza nikueleze kilichonipata.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, nilimpokea leba binti wa miaka 19, uzao wa kwanza. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua inanyesha kweli kweli. Alijifungua salama mtoto wa kiume, lakini njiti, kilo 1.8. Tukamfundisha kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile tunayoita kangaruu. Mtoto akakamata ziwa, akawa ananyonya vizuri, na baada ya siku kadhaa familia ikaomba ruhusa. Tukawaruhusu kwa sharti moja: warudi baada ya siku 7 tupime uzito.

Hawakurudi. Siku ya 8, ya 9, kimya. Namba ya simu waliyoacha haipatikani. Nikafungua rejista nione wanakaa wapi ili tumtume mhudumu wa afya wa jamii akawaone. Kwenye sehemu ya makazi niliandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu, neno moja tu: Kahama.

Sasa fikiria. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 242,208 Kahama mjini peke yake. Unamtafuta mtoto wa kilo 1.8 katikati ya watu wote hao ukianzia mlango upi?

Aliyetuokoa ni mama anayefanya usafi wodini. Alikuwa anapiga deki, akasikia tunahangaika, akasema: "Yule mkwe wake si alikuwa analalamika kwamba amewaacha watu wanachuma na bani halijajazwa? Hao si wa mjini. Hao ni wa Ushetu." Kwa ambaye hujui, bani ni kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku. Ukisikia mtu ana haraka ya kurudi kwenye bani mwezi wa pili, huyo ni mkulima wa tumbaku, na hapa kwetu mkulima wa tumbaku unamtafuta Ushetu. Tukaanza kupiga simu zahanati moja baada ya nyingine. Siku ya tatu wakapatikana, kijiji cha mbali huko, mtoto amepoa mwili, amerudi chini ya kilo 1.7. Akaletwa. Alikaa na sisi siku 16, akapona.

Nilipomuuliza yule binti kwa nini alisema anatoka Kahama, alinijibu bila kufikiri: "Dada, nikisema Ushetu wananiuliza ndiyo wapi. Nikisema Kahama wanaelewa."

Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu mimi ni mtoto wa Ushetu na chuoni miaka yote 3 nilisema natoka Kahama. Wenzangu wakiitikia "ahaa, kule kwenye dhahabu!" nami natingisha kichwa, wakati kwetu hakuna mgodi mkubwa hata mmoja. Bulyanhulu iko Msalala. Buzwagi, uliofikia mwisho wa uhai wake 2021, ulikuwa pembeni ya mji wa Kahama. Sisi ni mahindi, mpunga, karanga, viazi, pamba kidogo, na tumbaku. Nilikuwa natembea na sifa za mgodi nisioujua.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wazee na kusoma ninachokipata. Hiki ndicho nilichookota.

Anza na jina lenyewe. Ushetu leo ni halmashauri, moja ya tatu zilizomo ndani ya Wilaya ya Kahama, pamoja na Manispaa ya Kahama na Msalala. Makao makuu ni Nyamilangano. Ndani yake kuna kata 20. Zisome hizi taratibu: Ushetu, Ukune, Ulowa, Uyogo, Ulewe, Ubagwe. Umeona hiyo U mwanzoni? Ni U ile ile ya Usukuma, Unyamwezi, Uganda. Ni U ya nchi. Zamani, kabla ya mkoa na wilaya, eneo hili lilikuwa limegawanyika katika nchi ndogo ndogo, kila nchi na mtemi wake, na baadhi ya majina haya tunayoyaona leo kwenye mabango ya kata ni majina ya nchi hizo. Kwa hiyo mtu anayesema anatoka Ukune hatamki jina la kata lililobuniwa ofisini juzi. Anatamka jina la nchi.

Na mtemi ni nani? Wazee wanalifafanua kwa neno kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni yule aliyekata pori la kwanza watu wakalima, wapo wanaosema ni yule anayekata mashauri. Mimi maana ya kwanza ndiyo naipenda. Mkuu wa nchi anakumbukwa kwa shoka na jembe.

Kitu kingine ambacho mimi kilinichekesha nilipokijua. Kata zetu zimepangwa katika tarafa mbili, Dakama na Mweli. Nilikulia humo na sikuwahi kujiuliza maana yake. Dakama ni kusini. Mweli ni magharibi. Na sukuma ni kaskazini, kiya ni mashariki. Yaani haya makabila tunayobishania kwenye vijiwe, Msukuma, Mdakama, mwanzoni ilikuwa ni kuelekezana tu: wale wa kaskazini, wale wa kusini. Hata hilo jina Mnyamwezi walipewa na watu wa pwani kwa wageni waliotokea bara, upande wa magharibi. Wenyewe mtu akiulizwa alitaja nchi ya mtemi wake. Basi mama, ukisikia mtu anakuambia wewe si Msukuma kamili kwa sababu umezaliwa Ushetu, mwambie dira haina kabila.

Ushetu imechanganyika. Wapo Wanyamwezi, wapo Wasumbwa ambao wengi wao wako kwa jirani zetu Bukombe na Mbogwe, na wapo Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka ya karibuni wakitafuta malisho na mashamba mapya. Kusini tunapakana na Tabora, na huko jirani ndiko ilipo Ulyankulu, makazi yaliyopokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, ambao wengi wao na wenzao wa makazi mengine walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wodini nasalimia "mwadila mayu" na mtu mmoja anaitika hivyo hivyo, mwingine anacheka anajibu kwa Kirundi chake, mwingine Kiswahili cha mjini. Wote kadi zao zimeandikwa Ushetu.

Na watu wa kwetu nao walitoka. Yule Msiri mnayemsikia kwenye historia ya Kongo, jina lake Ngelengwa, alikuwa mtu wa Usumbwa. Katikati ya karne ya 19 alifuata njia ya biashara ya shaba na pembe mpaka Katanga, akajenga dola yake na mji wake Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891 na wale waliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake, Wayeke, wapo mpaka leo kule Kongo na asili yao wanaitaja kuwa ni Busumbwa. Kwa hiyo ukiona kijana wa kwetu anafunga begi kwenda machimboni Geita au kutafuta maisha Zambia, usidhani kitu hicho kimeanza na simu za mkononi.

Sasa nije kwa mgeni mmoja ambaye alikaa kwetu kuliko alivyopanga.

Mwaka 1861 walipita wazungu wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakienda kutafuta chanzo cha mto Nile. Walifika sehemu zetu mwezi wa tano wakakwama. Hawakupata wapagazi. Huko Unyanyembe, Tabora ya leo, Waarabu walikuwa wanapigana na mtemi Mnywa Sele, njia zimekuwa za hatari, na mwezi wa tano unajua wewe mwenyewe ni mwezi wa mavuno. Nani anaacha mtama shambani akambebee mtu masanduku? Speke akatangulia kaskazini kutafuta watu, Grant akabaki na mizigo mahali ambapo vitabu vyao vinapaita Ukuni, nasi tunapaita Ukune. Alikaa kuanzia tarehe 27 Mei mpaka 12 Septemba. Siku 109!

Mwenyeji wake alikuwa mtemi mzee, na jina la mzee huyo wameliandika: Ukulima. Speke akalitafsiri kwa Kiingereza kuwa Mchimbaji. Nilisoma nikacheka peke yangu. Leo ukisema mchimbaji huku kwetu watu wanajua unamsema mtu wa dhahabu, mwenye sululu na karasha. Speke alimaanisha mtu wa jembe, mkulima. Miaka 160 na zaidi iliyopita tulikuwa tayari tumeshaandikwa kwenye kitabu cha Ulaya kwa jina la kilimo. Mimi nilikuwa chuoni najificha nyuma ya jina la dhahabu.

(Kuna dada mmoja aliniambia nisiwasifie hao wazungu. Siwasifii. Nasema tu kwamba waliandika tarehe, na tarehe inasaidia.)

Enzi za vita vya Mirambo wa Urambo, na kabla yake Wangoni waliofika hadi Runzewe, nazipita haraka, ingawa ndizo zilizofanya watu wajifungie kwenye vijiji vyenye maboma. Nataka nifike kwenye malale, kwa sababu hapo historia inaingia kwenye kazi yangu.

Malale unaijua, ugonjwa unaoletwa na ndorobo. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilikuwa inawahamisha watu katika magharibi ya Tanganyika, sehemu za Tabora, Kahama na Kibondo, kuwatoa kwenye nyumba zao zilizotawanyika porini na kuwaweka sehemu moja. Wazo lilikuwa kwamba watu wakikaa pamoja na kulima mfululizo, pori linakatwa, ndorobo anakosa kivuli. Kitaalamu lina mantiki. Lakini pale ulipohama ndipo ulipozika kondo la nyuma la wanao na ndipo kaburi la babu lilipo. Pori likarudi juu yake. Baadaye, 1974, ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa tena, safari hii kwa ajili ya shule, maji na zahanati. Bibi yangu mzaa mama aliyaishi yote mawili, moja akiwa mgongoni, jingine akiwa mama mtu mzima. Nilipomuuliza kwao hasa ni wapi, alinyoosha mkono kuelekea msitu. Hakutaja jina.

Na yeye ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini tunasema Kahama. Alizaliwa Jimbo la Magharibi, chini ya mtemi. Utemi ukafutwa kisheria 1963, na mwaka huo huo ukaundwa Mkoa wa Shinyanga na Kahama ikaingizwa humo. Mama yangu vyeti vyake vinasema Shinyanga, Kahama. Mimi hivyo hivyo. Kisha 2012 halmashauri ya wilaya ikagawanywa, zikapatikana Msalala na Ushetu, na watoto wangu kadi zao zinasema Ushetu. Nyumba ni ile ile. Mwembe ni ule ule. Karatasi ndizo zilizokuwa zinahama. Kwa karibu miaka 50 jina Ushetu lilibaki la kata tu huku, na hata halmashauri ilipoanza, ofisi zake zilikuwa bado Kahama mjini kabla ya kuhamia Nyamilangano. Ulikuwa unapanda gari kwenda mji wa watu wengine kuhudumiwa na halmashauri yako. Utaacha kusema Kahama?

Nchi nzima nadhani ilisikia jina letu Agosti 2021, alipofariki mbunge wetu Elias Kwandikwa akiwa Waziri wa Ulinzi. Wiki ile redio zilitaja Ushetu kila saa. Nilikuwa zamu, mgonjwa mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Leo wametuita kwa jina letu." Ilikuwa siku ya msiba lakini maneno yale yalinikaa.

Haya, tumbaku. Hapa naomba usome hata kama mtoto analia, mpe ziwa uendelee kusoma.

Tumbaku ya mvuke ilipata nguvu upande wetu wa magharibi kwa njia ya ajabu kidogo. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Mradi ukafeli, ukafungwa 1951. Ardhi iliyokuwa imeshasafishwa Urambo ikajaribiwa tumbaku, ikakubali. Kutoka huko ikasambaa kwa wakulima wadogo wa miombo, mpaka kwetu. Ushirika wetu ni KACU. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika 1976, zao likawa chini ya mamlaka ya serikali, kisha sheria ya 1982 ikaurudisha ushirika. Leo wakulima wa tumbaku wako kwenye vyama vya msingi, na sokoni bei imekuwa ikisomwa kwa dola. Mama ambaye hajawahi kuishika dola mkononi anaweza kukuambia kwa senti tumbaku ya daraja fulani ilikuwa bei gani mwaka jana na mwaka juzi.

Nyumba za bati, ada za shule, hata nauli yangu ya kwenda chuo, vimetoka humo. Siwezi kulitukana zao lililonisomesha. Lakini pia nakumbuka mwaka ambao mama alirudi kutoka sokoni na karatasi badala ya hela. Alikuwa amemaliza deni lake la mbolea, ila kwenye kikundi wapo ambao hawakumaliza, na deni la mwenzio linakatwa kwako. Mwaka ule tulikula michembe mpaka tukaichukia.

Na kazi yenyewe ni ya familia nzima. Vitalu, kupandikiza mvua zikianza, kuchuma, kufunga majani kwenye vijiti, kuchochea moto wa bani usiku na mchana, kupanga madaraja, kufunga marobota. Baba ndiye jina lake liko kwenye daftari la chama. Mikono iliyomo ndani ya majani ni ya mama na watoto.

Sasa sikiliza kama nesi wako. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua linatoa nikotini, na nikotini inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anatapika, analegea. Ukiwa mjamzito unasema ni mimba. Asiye mjamzito anasema ni malaria. Nimepokea wajawazito wa miezi 5 na 6, ambao kichefuchefu kilishawaacha zamani, wanatapika upya mwezi wa kwanza na wa pili, na ukiwauliza, asubuhi walikuwa shambani wanachuma na nguo zimelowa. Wazee kwetu walisema tu "tumbaku imemlevya." Waliona sawa kabisa. Kwa hiyo mjamzito na mtoto wasichume tumbaku. Kama huna namna, msubiri umande ukauke, vaa mikono mirefu, oga na ubadili nguo kabla ya kunyonyesha, maana nikotini inapita mpaka kwenye maziwa. Mtoto mchanga usimlaze ndani au jirani na bani. Na ukitapika bado njoo upimwe malaria, usijitibu kwa kukisia.

Moshi huo una historia nyingine mbaya, na nitaisema japo najua kuna ambao hawatapenda.

Mwaka 1982 vijiji vya wilaya yetu ya Kahama vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuanzisha sungusungu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakawa wanakuja na bunduki, polisi wako mbali. Wananchi wakajipanga wenyewe na mishale yao, na baadaye serikali ikawakubali. Mpaka leo ukipiga yowe usiku Ushetu watu wanatoka. Hilo najivunia. Lakini miaka hiyo hiyo na iliyofuata, mkoani kwetu na mikoa jirani, bibi vizee waliuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotajwa ni macho mekundu.

Mama, macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Miaka 40, 50 ya kupuliza kuni jikoni, na kwa wengine miaka ya kuchochea bani. Pengine trakoma isiyotibiwa juu yake. Mwanamke ametumika kuwapikia na kuwakaushia zao lao, kisha ushahidi wa kazi yake usoni ukageuzwa kuwa hukumu. Ukiwa na mama mkwe mwenye macho mekundu, mlete kliniki ya macho. Ukisikia mtoto wako anarudia maneno ya mtaani kuhusu bibi wa jirani, mkatishe hapo hapo jikoni.

Nimalizie na kitu kizuri, maana nimewachosha. Majina. Rejista ya leba ya kwetu ukiifungua ni kitabu cha historia. Mabula ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, Kabula wa kike. Pacha ni Kulwa na Doto, anayefuata baada yao ni Shija. Kulwa na Doto wamesafiri mpaka Dar, wamezaa watu ambao hawajui hata neno moja la Kisukuma wala Kinyamwezi. Miaka hii naona akina Brighton na Precious wamekuwa wengi. Sina ugomvi nao, wa kwangu wa pili ana jina la kizungu. Ila siku hizi mama akijifungua mvua inanyesha mimi humchokoza: "Na Mabula je?" Wengine wanacheka, wengine wanaliweka liwe la pili.

Sasa ombi langu, na hili ni la kazi. Ukija kliniki au kujifungua, ukiulizwa makazi, usiseme jina la mji ambao gari limepitia. Taja halmashauri, kata, kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti au balozi wenu, na namba mbili za simu, moja ya mtu ambaye hamlali nyumba moja. Nesi akiandika neno moja tu, mwambie aongeze. Mwambie nimekutuma. Mimi niliandika neno moja na nusura limgharimu mtu mtoto.

Yule binti alirudi kwa ajili ya uzito wa mwisho, mtoto kafika kilo 3 na kidogo. Wamemwita Mabula. Zamu ile dirishani alikuwepo karani mgeni, si wa huku, akamuuliza makazi. Binti akaanza: Ushetu. Karani akainua kichwa, "Ndiyo wapi?" Akamtajia kata, kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti, akaongeza kwamba ukishuka kwenye gari uliza bani la mkwe wangu, liko karibu na mwembe mkubwa, kila mtu analijua. Nafasi kwenye mstari ikaisha. Karani akageuza kadi, akaendelea kuandika nyuma.